Uzito wa Chini ya Springi

Wakesho mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda mtaa wa Manfuha kuwaaga wenzako wa ibada, nami nimekaa kwenye kile kiti cha lori tulichokigeuza kochi, karatasi juu ya goti, na gari limesimama mbele yangu juu ya stendi. Msikiti wa nyuma ya maghala umemaliza magharibi. Kesho alfajiri Otieno atalipakia gari kwenye lori lake, wewe utaingia kwenye gari la Madam, mtaifuata barabara ya Jeddah, na mimi nitasimama hapo getini nikipunga mkono kama mtu asiye na wasiwasi. Kabla sijaanza kuigiza hayo ya kesho, wacha nikwambie kweli. Naogopa.

Sitakuandikia habari za kula, kulala, kuvaa wala kusali. Mama yako amekutumia sauti za simu zinazotosha kujaza redio wiki nzima, na nimekusikia ukizipandisha mwendo ili ziishe upesi. Usidhani sikusikia. Mama yako kwenye simu yako anaongea kama kasuku aliyekunywa kahawa. Hayo yake yanatosha. Yangu ni ya hapa gereji, ya hili gari na yale niliyolifanyia, na jinsi yalivyoanza zamani kabla hujazaliwa.

Wayajua yote, lakini nayaandika ili niyaone yamekaa sawa. Bosi na binti yake, Madam Nura, wamefungua nyumba ya magari ya kale kule Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kwenye jumba moja la mawe ya matumbawe, na fundi wa nyumba hiyo ni wewe. Si mimi. Ikama yangu, kibali cha kuishi, imeandikwa Riyadh na gereji hii ya Sulay, na Bosi ananitaka hapa. Otieno atalishusha gari nje ya mji wa Jeddah, kwa sababu Bosi ameapa kwamba litaingia mjini kwa magurudumu yake lenyewe, likiwaka taa zake za shaba. Wewe ndiye utakayeshika usukani na Madam atakaa kando yako. Gari lina zaidi ya miaka mia moja. Halina paa, halina milango, halina mkanda. Litapita katikati ya matrela na vijana wanaoendesha huku wakijipiga picha. Nikifika hapo kwenye mawazo yangu nasimama, sipiti.

Unakumbuka siku lilipoletwa? Aliyelimiliki alikuwa amefariki, watoto wake wakamwuzia Bosi. Mimi niliingia chini yake kabla hata halijateremshwa vizuri, na nilichokiona kule nyuma kikanifurahisha. Difu, ile gia ya katikati ya magurudumu ya nyuma, ilikuwa imevalishwa ganda la chuma nene kama sufuria ya harusini. Springi zilikuwa zimeongezwa majani ya chuma juu ya majani. Kuna fundi wa zamani, sijui wa nchi gani, aliyekuwa ameishona ile ekseli kwa mabamba mpaka ikawa kama reli. Nikakuita. Nikakwambia, "Njoo uone kazi ya wanaume."

Ulijilaza kando yangu, ukamulika tochi. Halafu ukasema, "Baba, hiki ndicho kinaliua hili gari."

Nilikasirika. Naomba nikiri hapa hapa kwamba nilikasirika kabla hata ya kusikiliza. Uliniambia kwamba gari hili lilipotoka kiwandani halikuwa hivi, na kwamba Bosi ana picha zake za kwanza. Ukanieleza kwamba wale watengenezaji wa mwanzo waliteswa sana na uzito wa nyuma. Barabara zilikuwa mbovu, matairi membamba, na katikati ya magurudumu ya nyuma kulikuwa na donge zito la chuma ambalo springi haikulibeba, kwa kuwa lenyewe liko chini ya springi. Kila shimo lilipigwa na donge zima. Magurudumu ya mbao yakachanika, matairi yakaliwa, abiria wakarushwa. Basi wengine wakaiondoa difu pale wakaitundika kwenye chesisi, wengine wakatengeneza ganda lake kwa aluminiamu na kuacha mabomba membamba tu yashike magurudumu. Gari hili ni la hao wa aluminiamu. Aliyekuja baadaye ndiye aliyelinenepesha.

"Chuma kikiwa kingi gari linakaa chini," nilikujibu. "Linashika barabara."

"Baba, si unisikize kwanza. Ukijitwika debe la maji kichwani, unaweza kukimbia?"

"Naweza."

"Sasa vaa gambuti, zijaze tope mpaka juu, halafu ukimbie. Uzito uwe ule ule wa debe."

Nilikwambia hiyo ni hesabu ya chuo. Nilikwambia pia kwamba chuo cha Voi hakijawahi kubeba mkonge. Nikatoka chini ya gari nikaenda kunywa chai na sikukutazama mpaka jioni. Ulidhani nimechukia kufundishwa na mtoto. Hapana. Nilikuwa nimesikia sauti ambayo wewe huwezi kuisikia, na ndiyo ninayotaka kukueleza leo, maana sijawahi kukusimulia vizuri. Ulichoambiwa ni kwamba baba yako mkubwa Mwadime alikufa kwa ajali, basi.

Mwadime alikuwa dereva wa lori la mkonge, mimi utingo wake. Nilikuwa mdogo kuliko wewe ulivyo sasa. Siku ile mwenye lori alisimama pale mwenyewe akisimamia upakiaji, na kila Mwadime aliposema limetosha, yule mtu alisema ongeza. Walipomaliza, lori lilikuwa limeinama nyuma kama mbwa aliyekalia mkia. Tulipoanza kuteremka upande wa Maungu, nilisikia ekseli ikikatika. Ni sauti kavu, fupi, haina kelele kubwa. Baada yake ndipo kelele zote zilipokuja. Mimi nilirushwa kwenye majani, nikachanika mkono. Mwadime hakurushwa.

Kuanzia siku ile nikawa fundi wa kuongeza. Voi nzima wakaniita Fundi Ongeza, hata mama yako alinijua kwa jina hilo kabla hajalijua langu. Pikapu ikiletwa kwa kazi ya breki, ilirudi na jani moja la springi zaidi. Trekta la kuvuta maji likiletwa, nililifunga mabamba kwenye ekseli bila kuombwa, na mwenyewe akilalamika nilimwambia atanishukuru. Watu walicheka lakini walileta magari. Hakuna ekseli iliyokatika tena mkononi mwangu, nikaona nimelipata jibu. Matairi yaliyokuwa yakiisha mapema sikuyahesabu, na wazee waliokuwa wakishuka kwenye zile pikapu wakishika viuno sikuwahesabu. Nilisikia tu kwamba hakuna sauti ile.

Kumbe Mwadime hakuuawa na ekseli nyembamba. Aliuawa na mtu aliyesema ongeza. Ekseli ilikuwa ya kwanza kukataa, na sisi wengine wote pale tulikuwa tumekubali. Halafu mimi nikaenda nikajiita kwa neno la yule mtu, nikalivaa miaka yote hii. Nimeliona hilo juzi tu, Wakesho, na nimeliona kwa njia ambayo sitaki kuikumbuka lakini nitaiandika.

Kwenye kazi yenyewe ulishinda. Bosi alizitazama picha, akakutazama wewe, akasema "Yalla, fanyeni," na ganda jipya la aluminiamu likasubiwa hapa hapa Sulay. Nakumbuka siku ulipotoka nalo kwa yule Mpakistani aliyelisubu, umelikumbatia kifuani peke yako ukitembea, wakati lile la zamani lilituchukua wanaume watatu na matusi. Uliniletea nilishike. Nikalishika. Nikasema, "Hili ni la kupikia wali." Ulicheka, na mimi nikacheka, na usiku ule sikulala. Mabomba yalipofika, membamba yale, niliyagonga kwa kifundo cha kidole nikayasikia yakilia kama vikombe. Nilijiambia ni kazi ya Bosi, gari ni la Bosi, likivunjika livunjike.

Kisha Bosi akasema kwamba wa kuliendesha ni wewe.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ulikuwa umekwenda kwa Madam siku mbili kupanga safari. Nilijikuta chini ya gari na vyuma viwili vya bapa nilivyovitoa kwenye lori bovu, nikavilaza chini ya mabomba, nikavifunga kwa yubolti, zile bolti zilizopindwa. Nikarudisha na majani ya springi, moja kila upande. Halafu, na hili ndilo linaloniunguza, nikavipaka vyote rangi nyeusi na vumbi juu yake, visionekane vipya. Nilijua ninachofanya. Niliomba huku nakaza nati. Nilisema, Mungu, kidogo tu hiki, hatajua.

Ulitoka na gari asubuhi kulijaribu kwenye ile barabara ya nyuma ya maghala, iliyokunjwakunjwa na matrela. Bosi na Madam walisimama kivulini, mimi nilisimama juani. Ulikwenda vizuri mpaka kwenye kona. Nikaona nyuma ya gari ikianza kurukaruka, magurudumu yanaipiga barabara na kuiacha, yanaipiga na kuiacha, kama mtoto anayeruka kamba. Halafu hayakurudi chini kwa wakati. Gari likazunguka. Likasimama likitazama lilikotoka, na lori la maji lilikuwa linakuja. Dereva wake alikanyaga breki, likaburura, likasimama karibu mno. Sitaandika umbali. Naujua.

Nilikimbia. Wewe ulikaa pale mikono yako yote miwili kwenye usukani, unatazama mbele, hulii. Nilipofika ulisema neno moja tu, "Samahani." Uliniomba msamaha, mwanangu. Uliniomba msamaha mimi.

Bosi alipiga kelele sana. Alisema msichana hajui kuendesha, alisema halas, basi, ataleta dereva wake kutoka Jeddah na wewe utabaki hapa Riyadh kusafisha plagi. Madam alijaribu kukutetea akanyamazishwa. Na mimi, sikiliza vizuri, mimi nilisimama pale nikayasikia yote na ndani yangu kitu fulani kikatulia. Nilijisikia vizuri. Nilijiambia, sasa atabaki. Hata kwenda hataenda. Nilihitaji kufunga mdomo tu, na wewe ungekaa hapa kwenye vyumba vyetu viwili, ukiniwekea chai, ukinicheka tumbo, salama mpaka tuzeeke wote.

Kesho yake uliingia chini ya gari. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe. Ulikaa huko muda, tochi yako ikitembea polepole, kisha ikasimama mahali pamoja. Ulitoka ukiwa na rangi nyeusi kwenye vidole.

"Baba, hiki chuma ni cha nini?"

"Ni cha kushikilia."

"Kushikilia nini?"

Ulinitazama, nikatazama kikombe changu. Nilingoja ugombe. Ningependa ungegomba. Ulinawa mikono ukaenda kupika, na jioni Madam alipokupigia simu kukuuliza ulichokiona, nilikusikia ukimwambia, "Mafi mushkila, Madam, hakuna shida. Ilikuwa kosa langu. Nilikata kona mbaya."

Ulinikinga. Ulijua pasipoti yangu iko kwa nani na ikama yangu iko kwa nani, ukaona afadhali upoteze Jeddah. Nililala nikitazama dari nikafikiri, huyu mtoto sasa ameanza kubeba chuma changu.

Hujui nilichoongea na Bosi, kwa sababu nilikwambia tu kwamba mambo yamekwisha. Nilimkuta kwenye majlisi yake, sebule ya wageni ya huku gereji, amekunja miguu, anakula tende. Nilimwambia moja kwa moja. Nilimwambia mimi ndiye, nikamwonyesha picha ya vile vyuma kwenye simu yangu. Nilikuwa nimevaa shati la kanisani na nimeweka nguo zangu kwenye mfuko, maana nilijua naweza kutoka pale moja kwa moja kwenda uwanja wa ndege.

Aliitazama ile picha sana. "Abu Wakesho," alisema, "inta majnun, una wazimu? Binti yangu pia angekaa kwenye gari hilo."

"Najua, Bosi."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ni woga. Sikuwa na neno jingine la Kiarabu wala la Kiswahili. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea, kwamba tangu Madam aseme ataingia Jeddah ndani ya gari hilo, yeye mwenyewe amekuwa akiamka kabla ya adhana. Alikuwa amemtuma mtu aulize kama anaweza kuweka mkanda, Madam akakataa kwa sababu utaharibu kiti. Tukakaa pale, mzee wa Kisaudi na mzee wa Kitaita, tumeshika tende, hatuli.

Mwishoni akaniuliza, "Likitolewa chuma chako, ni salama?"

"Wakesho anasema ni salama."

"Nakuuliza wewe. Wewe ni fundi."

Ningeweza kusema sijui. Ningesema sijui, angekuzuia, na ningekuwa nimesema kweli upande mmoja. Lakini nilikuwa nimeshaliona gari likiruka, na nilijua kilicholirusha. Nilikuwa nimeyagonga yale mabomba mara ngapi sijui, nimeipima kila weldi, nimetafuta kosa lako kwa jicho la mtu anayelitaka, sikulipata. Nikasema, "Ni salama." Nilisema kwa sauti ndogo hata akaniambia nirudie. Nikarudia. Ni maneno mazito kuliko yote niliyopata kuyasema tangu nije nchi hii, na tangu niyaseme sijapata usingizi wa kueleweka.

Basi ndivyo safari yako ilivyorudi.

Ulipolijaribu tena bila vile vyuma, kwenye kona ile ile, nilifumba macho nikasikiliza. Magurudumu yalifuata mikunjo ya barabara moja moja, tik tik tik tik, na gari juu yake likatulia. Uliporudi ulikuwa unacheka mpaka meno ya nyuma. Nilikwambia umeenda polepole sana. Uwongo. Nilitaka tu kusema kitu.

Kuhusu Jeddah yenyewe siwezi kukusaidia, na hilo nalo ni kosa langu. Nilianzia huko, hapo hapo Balad, nikipandisha marobota ya vitambaa kwenye ngazi za mawe. Ikama yangu ilichelewa na nikaogopa kushikwa, basi nikawa wa dukani na chumbani, chumbani na dukani. Ikama ilipotoka, woga haukutoka. Wenzangu waliniita twende kornishi, kando ya bahari, jioni, nilisema nimechoka. Nilikaa mji wa bahari na ukiniuliza bahari iko upande gani nitakuonyesha ukuta. Ninachokijua cha Jeddah ni ngazi. Ukifika, wewe uijue, halafu unisimulie, nami nitajifanya nakumbuka.

Na kuna hili la simu. Miaka ile mama yako akiuliza hali, jibu langu lilikuwa moja, hakuna shida. Nilikuwa nalala sakafuni, hakuna shida. Niliumia mgongo, hakuna shida. Nilidhani namlinda. Alichojifunza ni kunijibu vivyo hivyo. Alipopasuliwa, nilikuja kujua amekwisha kupona, na nilipomlalamikia aliniambia kwa upole, "Baba Wakesho, hakuna shida," kwa sauti yangu yenyewe. Mwaka ule nililia kwenye stoo ya vitambaa. Na juzi nilipokusikia wewe ukimwambia Madam mafi mushkila, nilijua umeitoa wapi. Ukiwa na shida huko, Wakesho, niambie tu ilivyo. Nitaogopa. Usiponiambia nitaogopa vile vile, halafu nitaogopa na yale ambayo hayapo.

Giza limeingia, nimewasha taa ya juu ya gari. Ulipokuwa unatoka ulisimama pale mlangoni, kiatu kimoja mguuni, ukaniambia, "Baba, tafadhali, usiingie chini ya gari." Otieno alikuwa anapita na mnyororo wake begani akasema, "Mzee, ukiingia mi nakukalia juu." Mlicheka wote wawili.

Niliingia. Taksi yako haikuwa imefika hata barabarani. Niliingia bila spana, mikono mitupu, tumbo likinikwama kwenye chesisi kama unavyolijua, na nikalala pale chali nikitazama kazi yako. Ni nyepesi mno. Sijaizoea, sitaizoea. Niliweka kiganja kwenye ganda la difu, nikakiacha hapo mpaka ganda likapata joto la mkono wangu. Nikaona kila nati umeichora mstari wa rangi ya njano, kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti, kila moja, hata zile ambazo hakuna fundi anayezichora. Mtu akikaza au kulegeza hata kidogo, mstari unakatika. Nilitaka kukusifu kwa usafi wa kazi, halafu nikaelewa kwamba hukumchorea fundi wa Jeddah. Umenichorea mimi.

Haikuniuma kama nilivyodhani. Iliniuma, lakini ilikuwa haki. Nililala nikizihesabu nati bila namba, kwa kuzigusa tu kwa macho, na mkono wangu wa kulia, huu wenye kovu la Maungu, ulikuwa unatafuta kitu cha kushika. Vile vyuma viwili viko hapo mlangoni, vinazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Yubolti ziko kwenye kopo. Nilijua kila kitu kilipo. Ningeweza kukaza hata robo tu, nikachora mstari mwingine wa njano juu yake, rangi yenyewe umeiacha kwenye rafu. Nakwambia nilifikiria hivyo ili ujue unamwacha mtu wa namna gani. Halafu nikatoka, nikajipangusa, nikaja kukaa hapa nikaanza kukuandikia, na kila sentensi hapa imekuwa badala ya spana.

Uliniuliza kile chuma kilikuwa cha kushikilia nini. Kilikuwa cha kukushikilia wewe. Mwadime hayupo wa kushikiliwa, nikakuchukua wewe.

Kesho mtakapofika nje ya mji na Otieno atakaposhusha ile ngazi ya lori, mimi nitakuwa hapa nimesimama katikati ya gereji na simu mkononi, na sitakupigia. Nimemwambia Bosi tukae wote, naye amesema ataleta kahawa. Tutakuwa wazee wawili tusioongea. Woga huu ni wangu, nimekuwa nao kabla yako, na Riyadh ni kubwa, woga utapata pa kukaa. Wewe ukifika kwenye kona ya kwanza, usinifikirie kabisa. Fikiria kona.

Nasikia taksi getini, na wewe unabishana na dereva kwa Kiarabu chako kibaya. Nitaikunja hii niiweke chini ya kiti chako cha dereva, uikute huko mbele. Najua kabla ya kulala utachukua tochi, utasema unaenda kutafuta simu, na utaingia chini kuzikagua zile alama zako moja moja. Wala hutahitaji kisingizio. Nitakuwa macho, na stendi nimezikaza vizuri. Utaingia, utazikagua zote. Utazikuta zimenyooka.

Baba yako,
aliyekuwa Fundi Ongeza